Vitone Vitatu Karibu na Ribiti

Bukoba, 12 Machi 1990

Shemeji Ilyasi,

Naandika nikiwa nimesimama, maana dereva wa lori anapiga honi nje na chai yangu inapoa juu ya mizani. Sisi huku wazima. Mwambie dada yangu Uwera kwamba mama bado analalamika kuwa aliolewa mbali, huko Kigali, ila sasa analalamika Jumapili tu, akitoka kanisani.

Ndani ya kifurushi hiki kuna visu viwili vya kukunja. Ni vile vya mfukoni, mpini wa mbao, ubapa mfupi, bei ya mtu wa kawaida. Bwana mmoja wa Mwanza ana makasha yake na anaapa kwa Mungu wake na kwa wangu kwamba ni vizuri. Mimi nimevikunjua, nimevikunja, nimekatia mkate, sikuona ubaya. Lakini mimi ni mtu wa sabuni na chumvi. Wewe ndiye unayeuza vyuma hapo mtaani Biryogo tangu enzi za marehemu baba yako, na madereva wanasema ukikataa jembe hata shetani halinunui. Vitazame. Ukisema ndiyo, nachukua kasha zima. Ukisema hapana, yule bwana akatie mkate wake mwenyewe.

Tafadhali usinicheleweshe. Nakujua, unaweza kukaa na msumari mmoja kutwa nzima ukiutazama kama bibi harusi.

Shemeji yako,
Zephaniah

* * *

Kigali, 29 Machi 1990

Shemeji Zephaniah,

Haraka haraka haina baraka, na hilo unalijua vizuri, kwa kuwa ulinizungusha miaka miwili kabla ya kunipa dada yako. Nami nimevizungusha visu vyako kidogo, sasa nakujibu.

Nilianza navyo vikiwa vimekunjwa. Nilitazama kama ubapa unalala katikati ya mpini au unaegemea upande. Kimoja kinalala katikati. Cha pili kinagusa mbao, na hicho kitajitafuna makali chenyewe kila kikikunjwa. Kisha nikavikunjua, nikashika mpini kwa mkono huu na ncha kwa mkono ule, nikatikisa. Cha pili kinacheza. Kisu kinachocheza siku moja kitamkunjikia mtu vidoleni, naye wakati huo atakuwa na njaa na anamenya kiazi. Springi ni nzuri kwa vyote viwili, inashika barabara, na inapofunga hutoa mlio mmoja tu, mkavu.

Chuma chake ni laini, lakini usishtuke, hilo si kosa. Nimekata kamba ya mkonge hadi makali yakachoka, nikanoa kwenye jiwe la mlangoni kwa mate, yakarudi upesi. Chuma kigumu kinamfaa mwenye kinoo cha maana. Mteja wangu ananoa popote alipo, anahitaji kisu kinachosamehe. Nimekilaza pia ndani ya maji ya ndimu hadi asubuhi. Kimebadilika rangi kidogo, kutu hakuna.

Hukumu yangu ni hii: kwa bei yake ni kisu kizuri, ila aliyekitengeneza alikuwa na haraka kama wewe na hakugonga sawasawa ribiti, kile kijiti cha chuma kinachoushika ubapa kwenye mpini. Chukua kasha. Nitakagua kimoja kimoja. Chenye ribiti iliyolegea nitakigonga, na kisichogongeka sitakiuza. Nitakachokipitisha nitakitia vitone vitatu kwa msumari, kwenye chuma karibu na ribiti. Mtu akiona vitone hivyo ajue kisu kimepita mikononi mwangu, na kikimharibikia anirudishie.

Uwera anakusalimu. Anasema nyumba nzima inanuka ndimu, na kwamba kabla ya harusi ulimficha kuwa unamwoza kwa mtu wa namna hii.

Ilyasi

* * *

Bukoba, 3 Julai 1990

Shemeji,

Wahenga walisema kizuri chajiuza, na leo nimeamini. Madereva wanaorudi kutoka kwenu wananiambia watu hawaulizi tena kisu cha kukunja, wanauliza "kile cha vitone". Mmoja kaniambia amekiona Rusumo, mpakani kabisa, mfukoni mwa mtu asiyewahi kufika Biryogo. Umekuwa mkubwa. Karibuni tutakuomba miadi.

Nina swali moja, usikasirike. Katika makasha mawili umekataa visu vingi sana. Vimekaa tu kwenye debe chini ya meza yako, Uwera kaniandikia. Kwa nini usivitie vitone navyo? Bado ni visu, vinakata. Vitone ni vitone tu, nani atajua?

Zephaniah

* * *

Kigali, 8 Septemba 1990

Shemeji Zephaniah,

Mimi nitajua.

Sijakasirika, lakini usiniulize tena. Juzi bwana mmoja mwenye koti zuri aliliona lile debe, akataka kununua kimoja kwa bei ya chini. Nikamwambia hivyo haviuzwi. Akaniambia, "Wewe iko na maringo mingi kwa kisu ya masikini." Akaondoka amenuna. Uwera alicheka nyuma ya pazia hadi nikamsikia. Basi acha niwe na maringo. Duka lenyewe unalijua, watu watatu wakiingia wa nne anasubiri nje. Baba hakuniachia nyumba wala shamba. Aliniachia meza hii, na watu wanaoamini nikisema kitu ni kizuri. Siku nitakapotia vitone kwenye kisu kinachocheza sitakuwa na duka, nitakuwa na meza tu.

Na usidhani ni maneno matupu. Akina mama wa Ndera wanakatia marando ya viazi, vijana wanaojenga kule Kinyinya wanachongea kalamu za kupimia mbao, mafundi cherehani hapa mtaani wanakatia nyuzi. Jirani yangu Nsengiyumva, yule fundi wa suruali, amekifunga chake kwa uzi shingoni, anasema kikiwa mfukoni mkewe anakiazima. Nikipita sokoni nikaona vitone vyangu mkononi mwa mtu nisiyemjua, nafurahi mpaka naona haya.

Nakusubiri na kasha la tatu.

Ilyasi

* * *

Bukoba, 21 Oktoba 1990

Shemeji Ilyasi na dada Uwera,

Tumesikia redioni kuwa vita imeingia kutoka kaskazini, na kwamba hapo mjini watu wanakamatwa. Sijapata neno kutoka kwenu. Barua hii namkabidhi Harriet, yule mama wa vitenge, mkononi mwake. Yeye ni Mtanzania, anavuka. Mimi mnanijua, karatasi niliyonayo ni ya mkimbizi wa kutoka huko kwenu, inaniruhusu kukaa, hainiruhusu kwenda.

Siulizi habari za siasa. Nauliza afya zenu tu. Andikeni hata mstari mmoja, hata kama ni wa kunitukana kuhusu ribiti.

Zephaniah

* * *

Kigali, 11 Novemba 1990

Kaka Zephaniah,

Usimsomee mama barua hii. Mwambie tuko wazima, kisha isome peke yako.

Ilyasi wamemshika. Nakueleza kama ilivyokuwa ili usije ukasikia vingine kwa watu.

Vita ilipoanza askari waliweka vizuizi barabarani, wakawa wanapekua mifuko. Ukiwa na kisu wanakitazama. Basi kwa kijana wa kwanza wakaona kisu chenye vitone vitatu, kwa wa pili vilevile, na mtaa mwingine kabisa wakaona tena. Wale vijana hawajuani hata kwa sura. Askari wakavipanga visu mezani, wakasema hii ni alama ya kundi, hawa ni watu wa adui na hivi ndivyo wanavyotambuana. Wakaanza kumshika kila mwenye kisu cha namna hiyo. Nsengiyumva walimtoa kwenye cherehani, na kisu kikiwa shingoni mwake.

Mke wa Nsengiyumva akaja dukani analia. Kaka, Ilyasi hakuwa ameitwa na mtu. Alivaa kofia yake, akachukua visu kumi na viwili, msumari na nyundo ndogo, akasema anakwenda kambini kuwaeleza askari. Nilimshika kanzu. Nilimwambia aache, mtu haendi mwenyewe mahali kama pale, na mimi nina kaka mkimbizi, kama hao walioingia na vita, na lafudhi ya Bukoba. Akanijibu, "Uwera, ni jambo la kuonyesha tu. Mtu yeyote aliyewahi kushika kisu ataelewa."

Nilimfuata. Waliniacha nisimame mlangoni. Akawaonyesha yote, ubapa unavyolala, jinsi ya kutikisa ncha, mlio wa springi. Aliongea nao kama anavyoongea na wateja, hata nikadhani wanamwelewa, kwa sababu mkubwa wao alikichukua kimoja na kukitikisa yeye mwenyewe. Kisha akamuuliza vile vibaya anavifanya nini. Ilyasi akasema haviuzi. Mkubwa akauliza, hata mtu akija na pesa? Ilyasi akasema hata hivyo, na akamsimulia habari za yule bwana mwenye koti. Alijivuna kidogo, unamjua.

Yule mkubwa akaweka kisu chini. Akasema, "Mufanyabiashara anakataa pesa? Hiyo biashara iko wapi? Wewe iko nachagua nani apewe na nani anyimwe."

Ilyasi akakichukua kile kisu, akaanza tena kumwonyesha ribiti. Kwake yeye hilo halikuwa swali. Wakamwingiza ndani, na debe wakaja kulichukua jioni.

Napeleka chakula getini, askari anakipokea, lakini neno halipiti. Sijui kama kinamfikia.

Dada yako,
Uwera

* * *

Bukoba, 2 Desemba 1990

Dada yangu Uwera,

Barua yako nimeisoma nikaenda kukaa ghalani, nisionekane. Harriet anaondoka leo, kwa hiyo sikiliza kwa makini.

Kawaambie vitone vilitoka kiwandani. Sema visu vimekuja hivyo hivyo ndani ya kasha, na Ilyasi alitunga ile hadithi ya kukagua ili wateja wamwamini. Wafanyabiashara wote husema uongo wa namna hiyo, na hao watu watauelewa kuliko ukweli wake. Nani atakwenda hadi Mwanza kuuliza? Jambo la kiwanda halina kundi ndani yake, wataona wamekamata watu bure. Fanya upesi, kabla hawajaandika yao.

Nami naweza kumwandikia mkubwa wao, nikaapa kuwa mimi ndiye niliyeleta visu. Niambie niandike na nitaandika. Ninapima sabuni hapa, nafunga chumvi, na mikono yangu haina la kufanya. Kila nikikumbuka nilimwambia avitie visu vyote vitone, naona laiti angenisikiliza.

Zephaniah

* * *

Kigali, 19 Januari 1991

Kaka,

Usiandike kwa mtu yeyote hapa. Nakuomba kwa jina la mama. Barua ya mkimbizi kutoka ng'ambo ndiyo hasa wanayoitafuta.

Nilifanya ulivyosema. Nilivaa vizuri, nikaenda, nikamwambia yule mkubwa vitone ni vya kiwandani na mume wangu ni mtu wa kujisifu tu. Alinisikiliza kwa adabu. Aliandika. Alinipa hata kiti. Nikarudi nyumbani moyo ukiwa mwepesi, nikapika, nikasema wewe kaka umetuokoa.

Nilisahau jambo moja, nawe ulilisahau. Ilyasi hakujua. Neno halipiti getini. Walipomuuliza kama vitone ni vya kiwandani, aliwajibu palepale, "Hapana, ni mimi niliyetia, kwa msumari." Tena aliwaambia hakuna kiwanda kinachoweza kuvipanga vile. Nimeyajua haya kwa sababu mkubwa aliniita tena, akanisomea maneno yangu, akanisomea na ya Ilyasi. Safari hii hakunipa kiti. Akasema mmoja kati yetu ni mwongo na yeye anataka kujua ni yupi. Akaniuliza nimezaliwa wapi. Akaniuliza ndugu zangu wako wapi. Nilimjibu, maana tayari alikuwa anajua.

Akasema atamuuliza Ilyasi mara moja tena, na asiponiunga mkono watanifuata.

Sina njia ya kumfikishia. Nilifikiri kuficha neno ndani ya chakula, nikaona nitamuua. Kila mlango ukigongwa naamka. Nimeweka nguo zangu kwenye mfuko, na mfuko uko karibu na mlango. Maisha yangu yote na mtu huyu nimempenda kwa kuwa hajui kudanganya. Sasa nakaa kwenye kiti chake nikimwomba Mungu Ilyasi adanganye, na siamini kuwa ataweza.

Wewe uliandika kwa mapenzi, nami nilisema kwa mapenzi. Usijitese.

Uwera

* * *

Bukoba, 14 Aprili 1991

Shemeji wangu, shemeji wangu Ilyasi,

Harriet amefika na habari. Ameniambia wote mmetoka, wewe na Nsengiyumva na wale vijana, na kwamba amekuona kwa macho yake umekaa dukani, umekonda lakini umekaa. Nimechinja jogoo. Mama alicheza, na goti lake lile bovu. Uwera hakuguswa, kaniambia, na nimelia mbele ya wateja bila aibu.

Nilijua, mwenye haki hakosi kutoka. Mwishowe wameona ni kisu tu na mtu mwaminifu. Kama nilikushauri vibaya kupitia kwa dada, nisamehe, ukweli wako ulikuwa na nguvu kuliko akili zangu.

Nimepata kasha jingine kwa yule bwana wa Mwanza. Nikuletee? Kukaa bure kutakuumiza zaidi. Kagua, gonga ribiti, tia vitone vyako. Watu wanangoja.

Zephaniah

* * *

Kigali, 5 Mei 1991

Shemeji Zephaniah,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kuhusu goti la mama. Mimi niko nyumbani, nakula, nalala kiasi. Mkono wa kulia haufungi vizuri, lakini kalamu naiweza, kama unavyoona.

Usiseme tena kuwa ukweli umenitoa. Sitaki uendelee kufurahi kwa jambo ambalo halikutokea.

Yule mkubwa aliniita mara ya pili, na safari hii akaniambia kuwa ni mke wangu aliyesema vitone ni vya kiwandani. Akaniambia kama ni kweli, nitakwenda nyumbani siku moja. Kama si kweli, basi mke wangu, dada wa mkimbizi, amelidanganya jeshi wakati wa vita, na mimi nijaze mwenyewe yanayofuata. Sikufikiri. Nilisema ni vya kiwandani. Akauliza kwa nini basi nilisema navikagua. Nikasema ni majivuno. Akataka niseme kama najua chochote kuhusu visu. Nikasema sijui chochote, mimi ni mchuuzi, nauza kinacholetwa.

Haikutosha. Aliwapanga wale vijana waliokamatwa na visu vyangu, akaniambia nirudie mbele yao kwa sauti. Nilirudia. Niliwaambia sikukagua kisu hata kimoja. Nsengiyumva alitazama chini. Nadhani alielewa, lakini wengine ni watoto wa watu, walikuwa wamekaa mle ndani kwa ajili ya vitone vyangu, na sasa walisikia kuwa vitone havikuwa na maana yoyote. Mmoja alinitukana. Alikuwa na haki.

Uwera ananiomba radhi kila siku. Namwambia angesema nini kingine, nawe ungeshauri nini kingine. Ushauri wako ulitufungia mlango na huohuo ukatufungulia. Sina hasira na mtu wa nyumbani kwetu.

Habari zimezunguka mtaani, hilo ulijue. Watu wamerudisha visu. Wengine hawarudishi, wanapita tu upande wa pili wa barabara. Na siwezi kumnong'oneza mtu ukweli, maana askari mmoja huja kuvuta sigara kwenye duka la jirani na hutazama kwangu anapovuta. Debe walinirudishia. Waliniambia nisikatae tena kumuuzia mtu. Basi vile vya kwenye debe nimevimwaga mezani pamoja na vingine, vimechanganyika. Kasha lako lilete, au lete jingine lolote, ni sawa tu.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Ndera, mtu mzima, miguu ina vumbi la njia nzima. Alikuwa hajasikia lolote. Alisema ametumwa na jirani yake, akaambiwa aje kwangu na si kwa mwingine. Mwanawe wa kike ameolewa, anataka kumpelekea kisu cha jikoni kwake. Akachukua viwili mezani, akavishika hivi, kimoja kila mkono, akaniuliza, "Muzee, hapa ipi iko nzuri? Nichagulie. Wanasema wewe unajua."

Kwenye mkono wake wa kushoto kulikuwa na kisu ambacho mwaka jana nilikigonga mara tatu nikashindwa. Nilikiona kutoka nilipokaa, ubapa umelala juu ya mbao. Askari alikuwa pale na sigara yake.

Nikamwambia, "Sijui, mama."

Alicheka, akidhani natania. Kisha akavitazama mwenyewe, akasema huu mpini una rangi nzuri zaidi, akachagua cha kushoto. Nikamfungia kwenye gazeti, akaniombea baraka, akaondoka.

Ilyasi